Sahani ya Katekista

Siku ya kuniaga, vijana wa ofisi walinipa godoro, kitenge na ombi. Godoro nimelilalia, kitenge nimekishona, na ombi ndilo ninalolitimiza hapa: niwaandikie kazi ya mifugo ilivyokuwa katika bonde hili, kabla kichwa hakijaanza kuvuja. Vyeo sitavitaja. Mafaili yanavijua, na kama mafaili yameliwa na mchwa, basi mchwa wanavijua. Nitaandika habari za wanyama na za wenye wanyama, maana hao ndio walionifunza kazi. Chuo kilinifunza majina ya magonjwa tu.

Nilikuja Ifakara nikiwa binti wa Kingoni mwembamba, mwenye cheti kipya na viatu vyeupe. Nilipandia treni Makambako, tukateremka milima ya Uchindile, tukapita Mlimba, na niliposhuka stesheni joto la bonde likanipokea kabla ya mwenyeji. Mwenyeji alikuwa Mzee Wendelini, Mndamba mfupi mwenye sauti ya chini, bwana mifugo ambaye kila mbwa wa Ifakara alimfahamu na kumkwepa. Alivitazama viatu vyangu, akanipeleka moja kwa moja machinjioni. Kufikia mchana viatu vilikuwa vimepata rangi ya kazi, naye akaniuliza kwa upole kama nyumbani nimebakiza vingine.

Kifaa cha kwanza alichonikabidhi ni kipimajoto. Kilikuwa kimefungwa uzi mrefu, na mwisho wa uzi palikuwa na kibanio cha nguo. Nikamuuliza kibanio ni cha nini. Akasema kinabana manyoya ya mkia, kwa sababu aliyenitangulia alikuwa msomi, hakutaka mambo ya uzi, na mpaka leo kuna ng'ombe Malinyi anatembea na mali ya serikali tumboni. Nimefanya kazi na kipimajoto chenye uzi na kibanio mpaka mwisho. Ninyi mna vile vinavyolia vyenyewe vikimaliza kupima. Fungeni uzi hata hivyo.

Jambo la pili alilonifunza halikuhitaji kifaa. Alikuwa na kanuni kwamba hamgusi mnyama kabla hajaona anapolia chakula. Watu walikereka. Mtu ana nguruwe anayeyumba, anasema karogwa, jirani kashatajwa kwa jina, na bwana mifugo anaomba kuonyeshwa hori. Siku ya nguruwe huyo nilikuwepo. Mzee Wendelini aliinama, akanusa, akachovya kidole. Mwenye nguruwe alikuwa anapika pombe, na machicha yote alikuwa akiyamwaga humo. “Huyu hajarogwa,” akasema. “Mwacheni alale. Akiamka mpeni maji, na msimpigie kelele.” Jirani akasafishwa jina, na nguruwe aliamka na hasira za mtu mzima.

Kwa kanuni hiyo nimepita mbuga yote hii. Nimechanja kuku dhidi ya kideri, kazi inayotaka uamke kabla ya jogoo. Nimekaa kwenye maboma ya Wasukuma ng'ambo ya mto, ambako salamu ni ndefu kuliko matibabu, na ole wako uzikate, maana ng'ombe mgonjwa hutamwona. Nimevuka kwa pantoni siku za mafuriko, kasha la baridi la chanjo kichwani na pikipiki ikinitazama toka ng'ambo. Mzee Wendelini alistaafu, akafa, tukamzika vizuri. Kipimajoto chake kilibaki kwangu.

Paka, hata hivyo, nilitibu wachache sana. Huku kwetu paka hapelekwi kwa daktari. Akiugua anajiondokea, watu wanasema kahama, na mwezi unaofuata wanatafuta mwingine kwa sababu ya panya kwenye mpunga. Ndiyo maana katika mwaka wangu wa mwisho kazini, nilipoitwa Michenga kwa ajili ya paka mzee, nilidhani aliyenipigia simu amekosea, anamaanisha mbuzi.

Aliyeniita alikuwa Mama Otmari, mjane wa Kipogoro, mwenyeji wa Mahenge aliyeshuka bondeni alipoolewa na hakupanda tena. Nilimkuta kibarazani anapepeta mchele. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza ukoo. Nilipomtajia tu, akaweka ungo chini.

“Nimeagiza daktari, nimeletewa Mngoni,” alisema. “Nyie si mnakula panya? Umekuja kumtibu paka wangu, au umekuja kupunguza ushindani?”

Kwa wageni wa nchi hii nieleze kwamba Wangoni na Wapogoro ni watani. Babu zangu waliwasumbua babu zake, na malipo yake ni kwamba wajukuu tunatukanana bila kununiana mpaka mwisho wa dunia. Kwa hiyo nilimjibu kwamba nimekuja kwa amani, na kwamba babu zangu walipofika huku hawakumkuta Mpogoro hata mmoja wa kumsalimia, wote walikuwa wameshapanda mlima. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Tangu hapo tukawa watu wa nyumba moja.

Paka mwenyewe alikuwa amelala kwenye kiti cha mbao chenye egemeo, kiti cha marehemu Baba Otmari. Jina lake Katekista. Jina hilo alipewa na wanajumuiya, kwa sababu kila jumuiya ilipokuja kusali hapo nyumbani alikaa mbele ya wote, na ilipofika rozari alifumba macho akabaki hivyo mpaka mwisho. Baba Otmari ndiye aliyemleta akiwa kitoto, ndani ya mfuko wa shati, na umri aliokuwa nao sasa ni umri ambao paka wa Michenga hawaufikii hata ukiwajumlisha wawili.

Nilimpima joto, kwa uzi na kibanio, naye alinitazama kama mtu aliyedharauliwa mbele ya wakwe. Alikuwa amekonda, uti wa mgongo unahesabika. Manyoya yalikuwa makavu. Nilipofunua mdomo, fizi zilikuwa nyeupe kama ndani ya kifuu cha nazi. Damu ilikuwa imemwishia. Chakula alikuwa anakigusa na kukitapika, hasa chenye mafuta, na kupanda kwenye kiti alikuwa anainuliwa.

Mama Otmari alisimama nyuma yangu, na utani wote ulikuwa umemtoka. Akaniambia jambo ambalo hakuwa amelisema kwenye simu. Mwanawe mkubwa, Otmari, anaishi Morogoro, na tangu baba yake afe alikuwa anamtaka mama ahamie kwake. Mama alikuwa amemwahidi kwamba siku Katekista akitangulia, atafunga nyumba na kwenda. Wakati ule anaahidi paka alikuwa anaruka mpaka darini.

“Sasa Otmari anapiga simu kila Jumapili,” alisema. “Zamani alikuwa anauliza hali yangu kwanza. Siku hizi anaanza na paka.”

Nikamuuliza kama hataki kwenda. Alitazama uwanja wake, kihenge cha mpunga, mgomba, njia inayokwenda kanisani. Akasema Morogoro ni kuzuri, wajukuu wako kule, maji yako ndani ya nyumba. Akasema pia kwamba kule akiamka asubuhi hana anachotakiwa kufanya, na mtu asiyetakiwa kufanya kitu hufa upesi. Nilielewa kwamba mgonjwa wangu hakuwa mmoja.

Nilifuata kanuni ya Mzee Wendelini, nikaomba kuona chombo anacholia Katekista. Akanionyesha sahani ya bati nyeupe yenye ua jekundu pembeni, imeoshwa, imeanikwa kichanjani, safi kuliko vikombe vya ofisi yetu. Nikauliza anakula nini. Akasema anakula tunachokula sisi, ugali na mboga. Hilo lilinitosha kujua nusu ya tatizo. Paka ni mla nyama kamili. Ugali unamjaza tumbo, haumjengi, na uzeeni hana tena miguu ya kukimbilia panya wa kujazia upungufu.

Nikampa dawa ya minyoo na sindano ya vitamini, kisha nikaandika chakula kipya: nyama mbichi. Moyo wa ng'ombe ukatwe vipande vidogo, kwa sababu meno ya upande mmoja hayapo. Firigisi za kuku. Ini kidogo sana, likizidi linadhuru. Iwe nyama ya asubuhi ile ile, yenye muhuri wa mkaguzi, na mkaguzi ni mimi. Asiyoimaliza iondolewe, isikae juani. Samaki mbichi wa mtoni asipewe, maana akimzoea anapungukiwa vitamini na kuanza kupepesuka. Na asibadilishiwe kwa siku moja: aanze na nyama kidogo juu ya chakula alichokizoea, chakula cha zamani kipungue pole pole mpaka kiishe. Tumbo la mzee halipendi mapinduzi.

Mama Otmari aliuliza swali moja tu: paka akionjeshwa nyama mbichi, hatageukia vifaranga? Nikamwambia paka aliyeshiba hana haja ya kufukuzana na vifaranga na kudonolewa macho na mama yao. Akaitikia, na yote mengine akayaitikia, neno kwa neno. Mama wa Kipogoro akiitikia kila neno, ujue hajakubaliana nawe, anakustahi tu. Lakini nilikuwa na ng'ombe wa Malinyi wananisubiri, nikaondoka nimeridhika.

Niliporudi, Katekista alikuwa na hali mbaya zaidi. Fizi zilikuwa zimezidi weupe, pumzi fupi, hata kunikasirikia hakuweza. Mama Otmari aliniapia kwamba nyama anampa kila siku, anaifuata bucha mwenyewe kwa miguu. Sikuwa na sababu ya kutomwamini. Otmari alikuwa ameshaambiwa kwenye simu, naye alikuwa amejibu kwamba mavuno yakiisha atakuja na gari la rafiki yake, abebe vitu vya mama. Mama alinihadithia hayo huku anakunja kanga yake na kuikunjua.

Nilikwenda nyumbani nikiwa na uzito moyoni. Nilijaribu kukumbuka kila ugonjwa unaokausha damu ya paka, nikauliza wenzangu, nikabaki pale pale. Mwisho nikajisemea, Wendelini angefanyaje? Angekwenda wakati wa kula.

Basi nilikwenda asubuhi bila kupiga simu. Kabla sijazima pikipiki, harufu ilinifikia kutoka jikoni, harufu nzuri ya mchuzi, na mimi sikuwa nimekunywa chai. Mama Otmari alikuwa amechutama mbele ya kisufuria kidogo. Pembeni palikuwa na ile sahani yenye ua jekundu, na ndani yake vipande vya moyo wa ng'ombe, vimekatwa vidogo kama nilivyoagiza, vinaogelea kwenye rojo ya njano, na juu yake pete za kitunguu, nyingi, zimekaangwa kwa uangalifu.

Hakujaribu kuficha. Alisimama, akajifuta mikono.

“Daktari, nisamehe,” alisema. “Huyu ni mzee wa nyumba hii. Anakalia kiti cha mume wangu, anakula kwenye sahani ya mume wangu. Nitamwekeaje kitu kibichi? Majirani wakipita wataona nimemchoka, nasubiri afe nikale raha Morogoro.”

Nikamuuliza vitunguu vinatoka wapi katika maagizo yangu. Akasema vinatoka kwa Baba Otmari. Marehemu alipougua muda mrefu hakuweza kula kitu ila mchuzi wa vitunguu vingi, na mchuzi huo ulimrudishia hamu ya chakula mara mbili tatu. Kwa hiyo paka alipoanza kudhoofika, mama alifanya alichojua. Kadiri alivyodhoofika, ndivyo alivyomwongezea.

Nimeshawaambia watu habari nyingi mbaya, kwamba ng'ombe wote watachinjwa, kwamba mbwa aliyemng'ata mtoto ana kichaa. Hii ilinishinda namna ya kuianza. Nikakaa naye kwenye kigoda, nikamwambia kwamba kitunguu ambacho kwetu ni dawa, kwa paka ni sumu. Hakimuui kwa siku moja. Kinaivunja damu yake kidogo kidogo, na kitunguu cha mboga zetu kila siku kwa miaka, na sasa cha rojo hii, ndicho kilichomfikisha hapo.

Kisufuria kiliendelea kuchemka, sote wawili hatukukumbuka kukiepua.

“Kwa hiyo ni mimi,” alisema.

“Ni kitunguu, mama. Wewe ulimpa kilicho bora ulichokuwa nacho. Kikiondoka, damu inarudi. Tumechelewa, lakini bado anaweza kupona.”

Alilia kidogo, bila sauti, nami nikamwacha alie. Kisha nikafikiria la kufanya, na hapa ndipo vijana mnisikilize, maana hili halimo vitabuni. Ningeweza kumwambia achemshe nyama bila kitunguu, na kwa paka ingefaa vizuri tu. Lakini nawajua wanawake wa bonde hili na mimi ni mmoja wao: sufuria likishakaa mafigani, mkono unatafuta kitunguu wenyewe. Nyama mbichi ndiyo peke yake ambayo hakuna anayeitilia kiungo. Na mbichi, mikono ya Mama Otmari haiwezi kumwekea mzee. Angeniitikia tena, na kesho yake ningekuta bizari.

Nikamkumbusha mazishi ya mume wake. Nilikuwa sijamfahamu wakati ule, lakini mazishi ya huku nayajua. Nikamuuliza, kaburi lilipokwisha kuchimbwa, nani aliingia akajilaza ndani akasema pamemtosha, wamtafutie marehemu pengine?

“Mngoni,” akasema, na pembe za mdomo zikalegea. “Mngoni mmoja mlevi. Tukamlipa kuku ndipo akatoka.”

“Mfiwa angelala mle?”

Akasema mfiwa angeonekana mwendawazimu. Nikamwambia basi ndiyo hivyo. Yale ambayo mwenye nyumba hawezi kuyafanya bila aibu, mtani huyafanya, na hakuna jirani wa kumlaumu mwenye nyumba. Kuanzia kesho mtani wake, mla panya, atapita kila asubuhi akitoka machinjioni, atamlisha Katekista kitu kibichi mbele ya mtaa mzima, na yeye Mama Otmari aende jikoni apike chai, asitazame, na akitaka atukane. Akauliza kama nitatumia sahani ya Baba Otmari. Nikamjibu kwamba hata Mngoni ana mipaka, nitatumia jani la mgomba.

Asubuhi ya kwanza nililiweka jani chini ya kiti, nikaweka moyo vipande vitano. Katekista alinusa, akainua mguu wa mbele, akaanza kukwangua sakafu pembeni ya jani kama anavyofukia choo chake. Sikutegemea shukrani, lakini hilo lilikuwa kali. Mzee huyu hajawahi kuletewa nyama isiyo na moto, naye aliona tumemwekea taka. Kutoka jikoni sauti ya Mama Otmari ilitangaza kwa mtaa kwamba wagonjwa siku hizi wanateswa na Wangoni.

Nilifanya kama nilivyokuwa nimeandika, pole pole. Ugali kidogo usio na mboga, nyama mbichi imekunwa juu yake mpaka haionekani. Kisha nyama zaidi, ugali pungufu. Nyama niliitia kwenye mfuko, nikaukalisha ndani ya maji ya uvuguvugu, ipate joto la mwili wa panya, maana paka hapendi kitu cha baridi. Siku alizogoma nilimnyunyizia unga wa dagaa waliotwangwa, hapo akasahau msimamo wake. Dawa na sindano niliendelea nazo. Mtaa ulizoea. Wapita njia walisimama kunipa pole kwa kazi ya kulisha paka wa Wapogoro, na Mama Otmari aliwajibu toka jikoni kwamba ni malipo ya vita.

Fizi ndizo zilizonipa habari kwanza. Ule weupe ulianza kuwa na wekundu wa mbali, kama maji yaliyosuuziwa nguo mpya. Sikumwambia mama, niliogopa kumpa tumaini la haraka. Alijua mwenyewe asubuhi alipomkuta Katekista yuko juu ya kiti na hakuna aliyempandisha. Alinipigia simu kabla sijafika machinjioni, akashindwa kuongea, nikadhani paka kafa. Nilipofika nilimkuta anacheka na kulia kwa pamoja, nami nikafanya vivyo hivyo, sioni haya kusema.

Kisha mvua ikanyesha ya kufunga njia. Matope ya Michenga hayana adabu, yaliimeza pikipiki mpaka ekseli. Nyama nilimpa mtu wa bodaboda anayejua njia ya juu, nikabaki kuchimbua chombo changu. Nilifika asubuhi imeshakwisha. Nilipita kwa nyuma, nikiwa nimebeba viatu mkononi, na kabla sijabisha nikamwona Mama Otmari amechutama chini ya kiti, jani la mgomba mbele yake, anakata moyo kwa kisu cha mboga. Alikuwa anakunja uso, anasogeza kipande kimoja kimoja kwa ncha ya kidole.

“Mtani wako amechelewa,” alikuwa anamwambia paka. “Kula. Usimwambie.”

Nilirudi nyuma mpaka njiani, nikavaa viatu, nikapiga hodi kwa sauti kubwa.

Mavuno yalipokwisha, Otmari alikuja kama alivyosema, na gari la rafiki yake na kamba za kufungia vitu. Nilikuwepo, mama alikuwa ameniomba niwepo. Ni mtu mpole, mnene kidogo, aliyeamkia kila mzee mtaani kabla ya kufika kwao. Aliingia uwanjani na uso wa msiba. Katekista alikuwa ametoka kwenye ghala la mpunga, amebeba panya mdomoni, panya mdogo, sitaki kumsifia kupita kiasi. Akamweka mbele ya miguu ya Otmari, akapita, akapanda kwenye kiti cha Baba Otmari bila msaada. Vifaranga walikuwa chini ya kiti hicho hicho, hakuwaangalia hata kidogo.

Otmari alimtazama paka, akamtazama mama.

“Mama, huyu si ulisema anakufa?”

“Nilisema anaumwa,” alijibu. “Nimeshapika, nawa mikono.”

Baada ya kula alinisindikiza kwenye pikipiki. Alisema hana ugomvi na paka. Anachoogopa ni siku ambayo mama ataanguka ndani na hakuna wa kujua. Nilimheshimu kwa hilo, maana nilikuwa nimemchora moyoni kama mtu mwenye haraka. Nikamwambia kwamba mama yake anatembelewa kila asubuhi na mtu wa serikali, na kwamba mtu huyo anastaafu karibuni na atakuwa na asubuhi nyingi zaidi, si pungufu. Aliendesha gari kurudi Morogoro na magunia mawili ya mchele na kamba zake hazijafunguliwa. Baadaye alituma friji ndogo. Alimwambia mama ni ya kuwekea nyama ya paka. Friji haitumwi kwa mtu anayehama, na mama alilijua hilo kuliko sisi wote. Aliifunika kitambaa cha mezani.

Msije mkaandika mahali kwamba nyama mbichi inatibu uzee. Haitibu. Katekista atakufa siku moja, na mimi pia. Nilichoona ni kitunguu kuondoka na chakula cha paka kurudi kwa paka. Nawaandikia kwa sababu mtaitwa kwenye nyumba kama hii, mtatoa maagizo sahihi, mtaitikiwa vizuri, na mgonjwa atazidi kuzorota. Msiongeze dawa. Nendeni wakati wa kula.

Wiki ile mliyoniaga, Mama Otmari naye aliniaga kwa namna yake. Aliwaalika wanajumuiya, na Otmari alikuja na watoto. Nilikalishwa kwenye mkeka mahali pa heshima, nikanawishwa mikono, na mbele yangu kikawekwa chakula cha kwanza, kimefunikwa kwa kawa. Mama Otmari alisimama juu yangu, mikono kiunoni.

“Karibu, mtani. Umestaafu, sasa umeingia uzeeni. Na wewe ndiye uliyenifunza mzee anavyolishwa.”

Nikafunua. Moyo wa ng'ombe, mbichi, umekatwa vipande vidogo kwa ajili ya asiye na meno. Watu walianguka vicheko, katekista wa kweli wa kigango akapaliwa na maji, na yule mwingine akashuka kitini, akaja taratibu, akaweka mguu mmoja ukingoni na kunitazama. Nikamsukumia. Ndipo nilipoiona vizuri: bati nyeupe, ua jekundu pembeni, sahani ya Baba Otmari. Alikuwa ameweka kitu kibichi humo kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya jumuiya nzima, na hakumhitaji mtani.

Wali wangu ulikuja baadaye, na kuku, na vitunguu vya kutosha.